Reli yetu tuachieni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika majuma mawili yaliyopita. Alikuwa ametoka kupanda treni mpya ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, akaisifia sana, na hapo sina ubishi naye. Hata mimi nimeipanda. Mjukuu wangu alinikatia tiketi kwenye simu, nikakaa dirishani, na chai niliyoiweka mezani haikumwagika hata tone. Ugomvi wangu na yeye uko kwenye aya yake ya mwisho, anaposema kwamba sasa njia kuukuu za Mjerumani zing'olewe zote, ziuzwe kama vyuma chakavu, fedha ifanyiwe jambo la maana.

Niliisoma aya hiyo mara mbili. Kisha nikamwambia mjukuu aniletee kalamu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nina miaka 68. Nilizaliwa kwenye kambi ya gangi kando ya reli ya Tanga, huku Upare, mahali fulani kati ya Hedaru na Makanya. Kijiji sikitaji, maana wanaonijua watanitambua tu, na wasionijua haitawasaidia kitu. Vijana wa leo wakisikia gangi wanafikiria wahuni wenye mapanga. Kwetu gangi lilikuwa kundi la wanaume waliokabidhiwa kipande chao cha reli wakitunze: kukaza vifungo, kubadilisha taruma lililopinda (yaani kile kipande kinacholazwa kukingama chini ya reli kuibeba), kushindilia kokoto mahali njia ilipozama. Baba alikuwa mnyapara wao. Kila alfajiri, mvua au jua, mmoja wao alilazimika kukitembea kipande chote kwa miguu kabla gari la kwanza halijapita, begani spana ndefu, mkononi nyundo, kiunoni bendera mbili, nyekundu na kijani, na kwenye kopo lenye mfuniko fataki kadhaa. Akikuta njia imekatika anazibana fataki juu ya reli, mbali kidogo na pale palipoharibika. Gurudumu likizikanyaga zinalipuka, dereva anajua kuna balaa mbele, anafunga breki. Lile kopo tulikuwa tumekatazwa hata kulitazama kwa muda mrefu.

Baba hakusoma sana, lakini miaka ya reli ile alitukaririsha kama jedwali la kuzidisha. Tanga, 1893, Mjerumani anaanza. Muheza, 1896. Korogwe, 1902. Mombo, 1905. Moshi, 1911. Arusha, 1929, hapo tayari ni Mwingereza. Ukikosea mwaka unaanza upya kutoka Tanga. Ndiyo reli ya kwanza nchini, ile ya kati yenyewe ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, wakati sisi tumeshafika Mombo. (Nasema "sisi", mnisamehe, ndivyo nilivyolelewa.) Na kwa miaka mingi hizi njia mbili hazikujuana kabisa. Mtu wa Same aliyetaka kwenda Dar kwa treni moja kwa moja hakuwa na njia mpaka 1963, kilipofunguliwa kipande cha kuunganisha Ruvu na Mnyusi. Nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka watu wazima wakibishana kama Dar sasa imekuja karibu au sisi ndio tumesogea.

Mataruma yetu mengi yalikuwa ya chuma, hata enzi hizo. Nilipomuuliza baba kwa nini asiweke mbao, alinijibu kwamba Mjerumani alimwogopa mchwa kuliko simba.

Sasa nifike kwa mama, maana bila yeye nisingeandika barua hii.

Mama alikuwa akiuza makande. Mpare na makande hahitaji kuelezewa, lakini kwa wasomaji wa mbali: mahindi yaliyokobolewa na maharage, yanachemka usiku kucha kwenye chungu, asubuhi yanaungwa kwa maziwa na chumvi. Alikuwa na sahani kumi na mbili za bati, nyeupe zenye ukingo wa buluu, na chini ya kila sahani alipaka nukta ya rangi nyekundu aliyoipata kwa baba. Gari la abiria, siku zile za moshi, lilisimama kwetu karibu robo saa. Msidhani ni kwa kutupenda. Kichwa cha moshi kinakunywa maji, na kwetu kulikuwa na tangi. Wakati bomba linamiminwa na kichwa kinahema, mama anapita chini ya madirisha na beseni, sisi watoto nyuma yake na sahani, abiria wa daraja la tatu wananyoosha mikono. Mtu analipa, anakula, anarudisha sahani dirishani. Robo saa inatosha.

Shida ni mlaji mvivu. Gadi anapuliza filimbi, bendera ya kijani inapepea kwenye behewa la mwisho, na mtu bado ana nusu sahani. Hapo sasa ndipo sisi tulipoajiriwa. Unakimbia sambamba na behewa, mkono juu, unapiga kelele "Sahani! Mjomba, sahani!", yeye anajaza mashavu kama panya buku, mara anaidondosha, inabingirika kwenye kokoto, unaifukuza. Mimi nilikuwa na mbio. Kovu la goti langu la kushoto ni la sahani hizo, na wanafunzi wangu waliokuwa wakiniuliza nililipataje niliwaambia ni la vita.

Siku moja sahani ikaenda. Mama hakusema kitu, lakini jioni alizihesabu mara tatu. Siku ya tatu yake, gari la kushuka lilipopita, gadi akiwa mlangoni kwa behewa lake alimnyooshea mama kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na sahani yetu, imeoshwa, senti hamsini, na ndizi mbivu mbili zilizokwisha pondeka. Abiria asiyejulikana alishuka nayo Moshi, akaona aibu, akamkabidhi gadi. Gadi hakujua jina la mama. Aliambiwa tu: stesheni ile yenye tangi, yule mama wa makande. Ilitosha. Mhariri, mwanangu (umri unaniruhusu kukuita hivyo), leo nikituma kifurushi kwa basi naandika jina, namba ya simu, namba ya gari, natumiwa ujumbe wa uthibitisho, na bado nakaa roho juu.

Baadaye vikaja vichwa vya dizeli. Baba alivifurahia, havitoi cheche za kuunguza majani kando ya njia. Mama vilimfilisi. Dizeli haihitaji tangi letu, hivyo robo saa ikawa dakika tatu, na kwa dakika tatu hakuna mtu anayekula makande akarudisha sahani. Alihangaika msimu mzima, akajaribu kuyafunga kwenye majani ya mgomba, yakavuja, abiria wakagombana naye kwa kanzu zao. Mwisho akahamia mayai ya kuchemsha na chumvi kwenye kijikaratasi, kitu cha kushika na kuondoka. Sijawahi kusikia mtu akieleza kwamba aina ya injini ndiyo huamua kijiji kiuze nini, lakini mimi niliona kwa macho yangu, ndani ya mwaka mmoja, chungu kikitundikwa ukutani.

Katikati ya miaka ya 1990 treni ya abiria ikakoma. Halikuwapo tangazo lililotufikia, ilipungua tu, mara moja kwa wiki, kisha kimya, mpaka siku moja mtu akauliza gari lilipita lini mara ya mwisho na hakuna aliyeweza kujibu kwa hakika. Baba alikuwa amestaafu. Aliendelea kuamka alfajiri na kutembea kipande chake, bila spana, mkono nyuma, mpaka alipofariki mwaka 2003. Tulimwambia hakuna kinachopita. Alijibu kwamba njia haijui.

Kijiji nacho kikageuka. Zamani nyumba zote zilitazama reli. Soko lilikuwa stesheni, na bao lilichezwa chini ya mwarobaini wa stesheni. Gari lilipokufa watu walihamia upande wa pili, kwenye barabara ya lami ya mabasi, kama mita mia nne hivi, na milango ikageuzwa. Ukipita kwetu leo utaona nyumba kadhaa za zamani ambazo kibaraza kizuri chenye nguzo kiko nyuma, kwenye banda la kuku, na mlango wa kuingilia umetobolewa ukutani palipokuwa dirisha la jikoni. Jina tu ndilo halikuhama. Mpaka leo anayekwenda gengeni kununua nyanya kando ya lami anaaga, "Naenda stesheni." Nimefundisha watoto waliosema hivyo kila siku na hawakuwahi kuona treni. Nikichora behewa ubaoni waliniuliza kwa nini basi hili halina usukani.

Kwenye reli yenyewe ilimea minyaa na nyasi. Palikuwa njia nzuri ya mbuzi. Watu walianika mahindi humo, mwingine akajenga jiko, mwingine choo, na mataruma yakaanza kutembea usiku. Sitajifanya malaika hapa. Mbele ya nyumba yangu kuna mfereji, mvua za masika unajaa, na kwa miaka ishirini niliuvuka kwa taruma la chuma lililofika kwangu mwaka 1999. Sikuuliza limetoka wapi. Mimi, binti wa mnyapara! Nilikuwa nikilikanyaga kila asubuhi nikienda kufundisha uraia.

Hapo ndipo anapoingia kijana wa mizani, na ndipo ninapomwona mwandishi wenu wa majuma mawili yaliyopita. Shuleni kwetu kengele ni kipande cha reli, kinaning'inia kwa waya kwenye mkwaju, kinagongwa kwa boliti kubwa. Baba ndiye aliyekitundika, kilikuwa kipande kilichokatwa wakati wa kurekebisha njia, na sauti yake inafika mpaka mashambani. Siku moja, mimi nikiwa mwalimu wa zamu, akaja kijana na baiskeli, mizani ya kuning'iniza na gunia. Ananunua vyuma chakavu. Akakitazama kipande kile kwa namna ambayo mchinjaji humtazama ng'ombe. Akaniambia, "Mwalimu, hii naweza kukupa bei nzuri, mtanunua kengele ya kisasa na chenji ibaki." Nikamuuliza kinapima kilo ngapi. Akakikadiria haraka, bila kukosea sana nadhani. Nikamuuliza kinalia saa ngapi kwa siku. Hakuelewa swali. Nikamfungulia geti.

Sasa huyu msomaji mwenzangu naye ameipima reli nzima kwa kilo.

Nitamweleza kilichotokea mwaka 2019. Kwanza walikuja watu na rangi, wakapaka alama ya X nyekundu kwenye kila kilichojengwa ndani ya eneo la reli. Jirani yangu alibomoa jiko lake mwenyewe, kwa mikono yake, akilia, na kwangu hilo halikuwa jambo la kupigia vigelegele. Kisha wakaja vijana wa kufyeka na kukaza. Tukatangaziwa kwamba aliye na taruma alirudishe, hataulizwa kitu. Niliamka usiku na wajukuu wawili tukalikokota langu. Nilidhani nitakuwa peke yangu. Kando ya njia nikakuta foleni: mmoja na lake la zizini, mwingine na lake lililokuwa kizingiti cha duka, na mzee mmoja wa kanisa, simtaji, na manne kwenye mkokoteni. Hatukusalimiana. Kila mtu alitua mzigo wake akarudi kulala.

Yalianza kupita mabehewa ya mizigo, kisha Desemba ile ile treni ya abiria kutoka Dar kwenda Moshi, na mwaka uliofuata ikafika mpaka Arusha. Kwetu hupita gizani. Siku ile ya kwanza ya abiria kijiji kizima kilikesha, wenye simu wakimulika reli kama wanatafuta sindano. Mama alikuwa hai bado, ana miaka themanini na kitu, masikio yamezibika kabisa. Tulimkalisha kwenye kiti cha plastiki, tukamfunika mablanketi mawili. Sisi tulikuwa tukisikiliza honi. Yeye alikuwa amevua kandambili na kukanyaga udongo, na akatuambia linakuja kabla yetu sote. Taa ikatokea upande wa Hedaru. Lilipopita, madirisha yamewaka, watu ndani wakitupungia, mama akageuka kwangu akasema kwa sauti ile kubwa ya viziwi:

"Leo limechelewa."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Sina hakika kama alikuwa anatania.

Ndugu Mhariri, lile gari lisingepita kama mwaka 1996, au 2005, angetokea mtu mwenye hoja za huyu msomaji wenu akasikilizwa. Hesabu ilikuwa upande wake kabisa. Reli haina treni, chuma kina bei, na kila mwenye akili angesema ng'oa. Ila kwa kuwa hakuna aliyepata muda wa kuing'oa, tuliporudi tuliikuta, imevaa nyasi, mataruma yake mengine kwenye mifereji yetu. Angalau tuta lilikuwapo, madaraja yalikuwapo. Kilometa 352 kutoka Tanga hadi Moshi zilimchukua Mjerumani miaka 18, na wengi waliobeba tuta lile kwa karai hawakuwa Wajerumani. Ukishauza chuma na watu wakagawana viwanja juu ya tuta, nani atatupa tena?

Treni ya umeme ina kazi yake, tena inaifanya vizuri. Lakini imejengwa iende mbali na iende mbio, na mtu wa kijiji kidogo hana mbali sana pa kwenda. Mpwa wangu analima tangawizi huko juu milimani Same. Mabasi humpakilia gunia moja huku wakimnung'unikia, na likifika limekaliwa. Kwenye treni ya zamani anaingia na magunia yake, bibi mwenye kuku anaingia, mwenye kitanda anaingia, wote wanafika wakiwa wamechelewa na wamefahamiana. Nakubali inachelewa. Nakubali mataruma yanalia na mabehewa yanayumba kiasi kwamba chai unainywa kwa kuivizia. Nimeshasafiri nayo mpaka Dar, nikashuka kiuno kinauma, na mwenzangu wa kiti cha mbele, mwanamke wa Korogwe ambaye sikumjua, amenipa mche wa mchungwa uliofungwa kwenye mfuko wa maziwa. Sasa hivi unanifika kifuani.

Ombi langu moja, kwa yeyote anayehusika. Stesheni yetu ndogo ina ubao wa saruji ukutani, pale palipokuwa pakiandikwa saa za magari. Ratiba hubadilika, na mvua kubwa huikata njia, hilo tunalielewa. Lakini siku hizi atakayetaka kujua kama treni ipo huuliza kwa waendesha bodaboda, na bodaboda ana sababu zake za kukujibu haipo. Paandikwe tena siku na saa, basi. Chaki ninazo, zilibaki za kustaafu, boksi mbili nyeupe na moja ya rangi. Mwandiko wangu bado unasomeka. Nipigiwe tu simu na mtu mwenye uhakika.

Na huyo msomaji mwenzangu, siku akipita kwa basi barabara ya Moshi, ashuke kwetu. Aulize nyumba ya mwalimu mwenye mchungwa, stesheni. Sahani tisa kati ya zile kumi na mbili bado ninazo, na nitayapika kwa maziwa.

Naishia hapa kwa kuwa mjukuu anataka kuipiga picha barua hii aitume, na simu yake imebakiwa na chaji asilimia saba.

Mwalimu mstaafu,
Same, Kilimanjaro.